Kwaya Ambayo Mama Mkwe Hakuiona

Picha ya televisheni ikiharibika, watu hulaumu mawingu. Nimeishi miaka minne ndani ya karavani, nikihamisha ungo wa setilaiti kutoka mnada mmoja hadi mwingine juu ya uwanda wa Ufipa, na nimewasikia watu wakiyasingizia mawingu hata siku ambayo anga ni jeupe kama shuka la misheni. Mawingu ya kwetu hayana kosa kubwa. Kosa huwa kwa mwenye ungo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia huko mbele.

Karavani ile ilikuwa ya wapima barabara. Walipomaliza kazi waliiacha kwenye yadi moja pale Sumbawanga mjini, ikauzwa kwa zabuni, nami nikainunua kwa kiinua mgongo changu. Nilikuwa fundi wa redio katika shirika la umma, na shirika lilipouzwa tuliambiwa mafundi hatuhitajiki tena. Ndugu zangu walinijia juu. Mtu mzima anapewa kiinua mgongo, badala ya kujenga nyumba ananunua nyumba yenye matairi! Lakini miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye mizani alijiita mnunuzi wa mazao, na mimi na mke wangu tulikuwa na mizani. Tukawa tunanunua maharage. Land Rover kuukuu ilivuta karavani, wiki hii Namanyere, wiki ijayo Kaengesa. Kasanga tuliteremka mara moja tu. Breki zilinuka moshi mteremko mzima, na tulipofika ziwani mke wangu aliniambia kuwa migebuka, samaki wa pale, ataila ikiletwa juu na wengine.

Televisheni ilikuwa ya inchi kumi na nne, ikitumia betri ya gari. Niliinunua kwa sababu ya ubishi. Fundi mwenzangu alisema picha haiwezi kukaa kwenye nyumba inayotembea, na mimi nikiambiwa jambo haliwezekani huwa silali.

Alikuwa sahihi kidogo. Karavani ni adui wa picha. Inakaa juu ya springi, mtu akikanyaga ngazi yote inayumba. Wiki ya kwanza niliufunga ungo juu ya paa, nikajiona mjanja. Akaja mnunuzi mmoja mnene kutusalimu, akaweka mguu ndani, na msomaji wa habari akatoweka, zikabaki chenga tupu. Tangu siku hiyo ungo nikausimamisha chini, nyuma ya karavani, kwenye stendi ya mabomba ya miguu mitatu. Miguu naifukia, naikandamiza kwa magunia ya mchanga kwa sababu upepo wa Ufipa hauna adabu, halafu naweka pima maji kwenye nguzo hadi kipovu kikae katikati. Nguzo ikiinama unene wa kidole, huna picha.

Stendi ilikuwa na nati mbili. Ya juu ilikuwa ya kuuzungusha ungo kulia na kushoto. Ya chini ilishikilia mwinamo wake, na hiyo nikishaifunga nilijiwekea sheria kwamba haiguswi mpaka tuhame. Tulikuwa tunapata setilaiti mbili. Moja ilileta kituo cha Dar es Salaam, nyingine ilileta mpira wa nje. Ili nisihangaike kila mara, niliweka alama mbili kwenye bomba kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nalegeza nati ya juu, nasogeza kutoka alama hadi alama, nakaza. Dakika tatu, picha hiyo hapo. Watu waliniita Bwana Mawimbi na sikuwakataza.

Sasa nimlete mama mkwe.

Alikuwa mjane, anakaa kijiji cha jirani na Kaengesa. Kwa wakwe zangu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawaongei, hawali pamoja, na mama hawezi kuingia chumba anacholala mkwe wake. Akiniona njiani anaingia kwenye majani, anajifunika khanga, ananipa mgongo mpaka nipite. Mimi nimekulia mjini, mwanzoni nilicheka. Baadaye niliona kuwa ni heshima ya aina yake, tena ina utani ndani yake, kwa kuwa aibu haikumzuia mama yule kunisema. Alikuwa akikaa nje ya karavani na binti yake, mimi nimo ndani, anamwambia kuku kwa sauti ya kutosha: "Wewe kuku, mwambie huyo mwenye nyumba ya matairi binti yangu amekonda." Nami nilimjibu kuku yule yule, kwa adabu zote.

Hakuwahi kuniomba kitu. Karavani ilikuwa chumba kimoja, kitanda mchana kikiwa kiti, kwa hiyo kuingia kuangalia televisheni ilikuwa mwiko kwake. Wenzake waliingia, wakatoka na habari, yeye akasikiliza tu.

Kitinda mimba wake alikuwa Dar es Salaam mwaka wa sita. Shemeji yangu huyo alikuwa kijana wa ahadi nyingi. Aliahidi mabati ya nyumba ya mama yake, hayakuja. Aliahidi Krismasi mbili, hakuja yeye mwenyewe. Mama alikuwa anamtetea kwa watu, lakini utetezi wake ulikuwa umeanza kuchoka, na majirani walianza kuuliza kama kweli kijana yule ana kazi au anazurura. Ndipo barua ikaja kwenye sanduku langu la posta, maana barua zote za ukoo ule zilipitia kwangu. Aliandika kwamba amejiunga na kwaya ya parokia yake, kwamba wamerekodiwa, na kwamba wataonyeshwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa kumi na moja jioni. "Mwambieni mama aniangalie mstari wa nyuma," aliandika. "Aone kwamba sijapotea."

Mke wangu alimpelekea mama yake barua ile na kumsomea. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari. Mama aliwaambia wanawake wa jumuiya yake, akamwambia katekista, akawaambia hata wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wakipitisha ng'ombe: Jumapili namwona mwanangu. Halafu akamtuma binti yake kwangu. Sitausahau ujumbe ule. "Mwambie baba watoto, kwa mara ya kwanza namwomba kitu."

Nilijisikia mtu mkubwa sana. Tulipanga vizuri. Televisheni itakaa juu ya kreti mlangoni mwa karavani, ikitazama nje, ili mama asiingie tunapolala. Kwa kuwa mwanga wa mchana unaila picha, nilisimamisha miti minne na kuizungushia mablanketi na turubai, kikawa chumba cha giza. Wanawake watakaa humo. Mimi nitakaa nyuma ya karavani karibu na ungo, nisionekane. Mke wangu atakuwa katikati, ananipigia kelele kama picha ina chenga. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi na upepo, lakini nilifukia miguu ya stendi kwa kina mara mbili ya kawaida. Saa nane mchana kituo cha Dar es Salaam kilikuwa kinaonekana safi kabisa.

Tatizo la mtu kumaliza kazi mapema ni kwamba anabaki na muda.

Saa tisa kulikuwa na mechi kwenye setilaiti ya pili. Ilikuwa mechi ya fainali, na timu niliyoipenda tangu ujana ilikuwa inacheza. Nilijiambia nitaangalia kipindi cha kwanza tu. Nikauzungusha ungo hadi alama ya pili, nikaingia ndani ya mablanketi, nikakaa kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili ya mama. Dereva mmoja wa lori akanifuata, wakaja na vijana watatu wa mnadani. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Nikasema, dakika kumi za kipindi cha pili. Tukafungwa. Mtu unaachaje mechi timu yako imefungwa? Dakika ya mwisho tukasawazisha, dereva wa lori akanikumbatia, nami sikuwa na fahamu ya saa wala ya mkwe.

Mke wangu alikohoa nje ya turubai. "Wamefika," alisema.

"Dakika mbili," nilijibu. Refa alikuwa ameongeza dakika thelathini.

Hapa ndipo ninapotaka kueleweka vizuri. Mama mkwe alikuwa amefika na wanawake saba, amevaa vitenge vyake vya Pasaka. Aliposikia sauti yangu ndani ya mablanketi, alirudi nyuma kama mila inavyotaka, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa nyumba ya jirani, kwenye upepo, asubiri niondoke. Mama mwingine yeyote angeingia na kuniambia, "We baba, muda umefika, zima mpira wako." Yeye hakuweza. Nililijua hilo. Nilijua kuwa pale alipo hawezi kunifukuza, na nilikaa kwa sababu hiyo. Heshima aliyonipa niliifanya nafasi ya kuangalia mpira.

Mke wangu akakohoa mara ya pili. Mara ya tatu hakukohoa, aliingiza kichwa akasema, "Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mama anatetemeka huko." Nikatoka mbio, namlaani refa, namlaani dereva wa lori, namlaani kila mtu ila mimi.

Nikapiga goti kwenye stendi na spana mkononi. Hasira na haraka vikikutana, mkono unajifanyia mambo yake. Nilishika nati ya chini. Niliizungusha mara mbili kabla sijaelewa nilichofanya, na ungo ukainama wote mbele, taratibu, ukatazama majani. Nikasikia wanawake wakiingia ndani ya mablanketi, wakikaa, wakinong'ona. Nikasikia mama mkwe akisema kwa Kifipa kitu kilichowachekesha wenzake. Alikuwa na furaha.

Mtu ambaye hajawahi kutafuta mwinamo wa ungo hawezi kuelewa dakika zile. Unainua kidogo, unauliza. "Vipi?" Mke wangu anajibu, "Chenga." Unainua tena. "Vipi?" "Chenga." Upepo unasukuma, mikono inakufa ganzi, huoni kioo, unategemea sauti ya mtu mwingine. Mara moja alisema, "Kuna watu! Wamepotea." Niliipita setilaiti mara ngapi sijui. Mlio wa chenga, ule wa mafuta yanayokaanga, niliusikia toka huku nyuma, na wanawake wanane walikuwa wameukalia kimya.

Picha ilikuja saa kumi na moja na dakika arobaini. Mke wangu alipiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikakaza nati na kuegemea karavani. Kulikuwa na kwaya inaimba. Nilisogea kwenye kona ya karavani, nikachungulia kioo kwa upande, kupitia upenyo wa turubai. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya jina la parokia. Haikuwa parokia ya shemeji yangu. Kipindi kilikuwa cha kwaya kadhaa, na yetu ilikuwa imeshapita.

Wanawake wale hawakuwa wasomaji, na mke wangu alikuwa amegeuka kumsogeza mama yake karibu. Maandishi yakaondoka. Mama akauliza, na mke wangu akaniletea swali kupitia kwenye blanketi: "Anauliza, ndio hao?"

Ningeweza kusema, "Mwambie nimechelewa." Maneno mawili. Lakini nje ya turubai walikuwa dereva wa lori na vijana, na mimi ni Bwana Mawimbi. Nikafikiri pia, na hili nalisema kwa aibu, kwamba mama ni mzee, kioo ni kidogo, waimbaji ni wengi na wamevaa majoho yanayofanana. Atachagua kijana mmoja wa mstari wa nyuma, aseme ndiye, aende nyumbani ameridhika. Nilijiona mwema.

"Mwambie ndio hao," nikasema.

Nikarudi nyuma kwenye ungo. Baadaye mke wangu alinisimulia. Mama aliinuka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya kreti, uso wake karibu kugusa kioo. Kila kamera ilipopita kwenye nyuso, aliziendea na kidole: huyu siye, huyu siye, huyu siye. Alipitia mstari wa nyuma wote mara tatu. Wenzake walijaribu kumsaidia, wakasema labda yule mrefu, na yeye akawauliza, "Mimi nisimjue niliyemzaa?" Kwaya ikamaliza, kipindi kikafungwa, matangazo ya sabuni yakaanza. Mama akakunja khanga yake.

"Hayupo," alisema. "Ameniongopea tena."

Mimi nilikuwa nyuma ya bati la karavani, hatua tatu kutoka kwake, nimeshika spana. Nilisikia kila neno.

Walipoondoka mke wangu aliniuliza kama kweli ndio wale. Nikasema ndio. Aliniangalia kama anavyomwangalia muuzaji aliyechanganya mawe kwenye gunia la maharage, lakini hakufungua gunia.

Baada ya wiki mbili barua ilikuja. Niliisomea mlangoni pa posta. Shemeji alikuwa na furaha ya mtoto. "Mlituona? Sisi ndio tuliofungua kipindi. Mama alisema nini?" Niliikunja, nikaiweka mfukoni, na jioni ile nikaitia kwenye jiko la mkaa huku mke wangu akiwa ameenda kuchota maji. Nilijiambia nimeikoa nyumba isigombane. Kumbe kuikoa nyumba na kujikoa mwenyewe nilikuwa sijui kuvitofautisha.

Akaandika tena, akiuliza barua yake iliyotangulia ilifika au la. Hiyo niliipeleka, kwa kuwa haikusema lolote kuhusu kufungua kipindi. Mama hakutaka isomwe. Alimwambia binti yake aiweke tu. Zamani kila basi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa na furushi lake la unga wa ulezi na maharage kwa ajili ya kijana yule. Mwaka ule furushi halikwenda. Mwaka uliofuata pia. Majirani walipouliza, mama hakumtetea tena, alisema, "Nilikuwa na watoto watano, sasa nina wanne wanaosema kweli." Kijana naye alitambua kuwa amewekewa ukimya asiojua sababu yake, akapunguza kuandika, kisha akaacha. Nilikuwa mtu pekee duniani niliyejua kwamba alikuwa amesema kweli, kwamba Jumapili ile alisimama mstari wa nyuma na kumwimbia mama yake, na mama alikuwa amekaa mbele ya chenga, kwa sababu mimi sikutaka kuacha mpira.

Mara nyingi niliamua kusema. Nilipanga hata maneno. Lakini uongo una tabia moja: siku ya kwanza ungeuondoa kwa kidole, baada ya mwaka unahitaji kikao cha ukoo. Na mama mkwe sikuweza kumwendea. Ningelazimika kumtuma mke wangu, na kumtuma mke wangu maana yake ni kumwambia yeye kwanza. Nilijificha nyuma ya mila ile ile ambayo mama aliifuata kwa moyo safi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu nilimlea nikamsomesha.

Karavani niliiuza. Biashara ya maharage ilikuwa imeingiwa na wenye malori makubwa, nasi tukapanga mjini, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni. Watu wakiniletea televisheni zenye chenga, nilizitengeneza vizuri sana.

Kwa wakwe zangu ipo siku ya kuvunja mwiko wa kuonana. Mama akishakuwa mzee sana, akitaka, anamwita mkwe wake. Mkwe anapeleka blanketi na kuku, kuku anachinjwa, wanakula sahani moja mbele ya watu, na tangu hapo wanaweza kuongea kama mama na mwana. Mama mkwe alipoanza kuumwa miguu, aliniita. Alituma neno kwamba kuna jambo ameliweka moyoni muda mrefu na hataki kufa nalo. Nikanunua blanketi sokoni. Nilidhani ameshajua. Njia nzima hadi Kaengesa nilikuwa naomba awe ameshajua, anitukane mbele ya ukoo, yaishe.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomjua kwa mgongo. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake sawasawa. Ulikuwa uso wa shemeji yangu, uliozeeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akajibu, "Marahaba, mwanangu," na wanawake wakapiga vigelegele kwa kuwa tulikuwa tumeongea. Tukala. Mke wangu alikaa kando yangu, amejaa machozi ya furaha.

Kisha mama akanishika mkono. "Mwanangu," alisema, "siku ile ya kwaya nilikusikia huko nyuma ukihangaika na upepo. Saa nzima. Mtu hajawahi kuhangaika hivyo kwa ajili yangu. Na yote yalikuwa kazi bure, kwa uongo wa mtoto wangu. Mimi nimeshindwa kumsamehe kwa sababu alikufanya mtumwa wa uongo wake, wewe ambaye hukumkosea. Ndilo lililonikaa moyoni. Leo nataka nikuombe radhi kwa niaba yake. Ukimsamehe wewe, na mimi nitamsamehe, nitamwita aje."

Watu wote walikuwa wananitazama. Mke wangu pia. Ndipo nilipoona hesabu yake ilivyo: nikisema kweli, atakuwa amemwonea mwanawe miaka yote ile, na itabidi afe nalo; nikinyamaza, kijana ataitwa nyumbani kama mkosaji aliyesamehewa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza baadaye. Pale pale kwenye mkeka sikufikiri lolote la namna hiyo. Niliogopa tu.

"Nimekwisha kumsamehe, mama," nikasema.

Akanishukuru kwa mikono miwili.